Kioo Changu, Boksi Lako

Mpendwa Baba Ester,

Hilo "mpendwa" limetoka kwa mazoea, usilitilie maanani. Nilitaka kuanza na "Wewe bwana," halafu nikakumbuka Ester ameshajua kusoma, na iko siku ataisoma hii barua. Nikajizuia.

Mdogo wako Masanja alinipigia simu wiki iliyopita. "Shikamoo shemeji. Kaka anasema nije nichukue lile boksi la kompyuta, nilipakie kwenye basi." Nikamwitikia marahaba, nikakata simu, nikakaa. Kidatu ni Ulaya? Mtu akitoka huko asubuhi anafika Ifakara, anasalimia watu, anakunywa chai na kurudi kwake siku hiyohiyo. Lakini wewe unatuma mtu. Haya, ngoja nikujibu, na nakujibu wazi, asome atakayesoma, maana mambo yetu ya kunong'onezana ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Unakumbuka tulivyoanza? Ile kompyuta yangu ya kwanza, ya mtumba, niliyonunua ili nihariri video za kwaya na za harusi, iliuawa na pumba. Tulikuwa tumepanga nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na msimu wa mavuno pale hapakaliki. Vumbi la pumba linaingia kwenye chai, kwenye chumvi, kwenye nywele. Kompyuta ikawa inapata joto na kujizima katikati ya kazi. Siku uliyoifungua kwa bisibisi tukakuta feni imevaa koti zima la pumba. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikuwa ameshapita mara mbili kuulizia video yake.

"Tutengeneze yetu wenyewe," ukasema. "Tununue vifaa kimoja kimoja, boksi nichonge mwenyewe kwa mtiki. Hizi pumba zitajua hazijui."

Nilidhani umechanganyikiwa. Nani anaiweka kompyuta ndani ya mbao? Lakini wewe ndivyo ulivyo. Ulikulia kwenye ng'ombe kule Mngeta, na baba yako alikuwa akilalamika kwamba huyu mtoto ukimtuma malishoni anarudi na redio iliyofunguliwa, ndama haonekani. Mikono yako ilipenda waya. Na mimi, Mungu anisamehe, niliipenda hiyo mikono.

Sebule yetu ikawa karakana. Bodi na prosesa ulizitoa kwenye kompyuta mbovu ulizopata Morogoro. Pawa saplai ilikuja na basi kutoka Dar ikiwa imeviringishwa kwenye shuka, mtu angedhani tumetumiwa mtoto mchanga. Mbao ulizipata kwa fundi seremala, vipande vya mtiki vilivyobaki kwenye vitanda vya watu. Ukaleta randa, ukapiga randa hapohapo mbele ya kochi, nasi tukala wali wenye maranda wiki nzima. Nilikufokea. Ukanijibu kwamba maranda ya mtiki ni dawa ya tumbo. Mwongo mkubwa wewe.

Na tundu la feni je? Ulipima kwa jicho, kwa sababu futi ya kupimia ilikuwa mbali, yaani chumba cha pili. Feni ikakataa kuingia. Ukachukua nyundo. Nyundo, Baba Ester! Nilikunyang'anya, nikachukua patasi, nikakaa chini na kuchonga kidogo kidogo mpaka feni ikakaa mahali pake. Ulinitazama umekunja uso, kisha ukaniletea maji ya kunywa, na mimi nikajua hiyo ndiyo pole yako.

Kuhusu vumbi, wazo lilikuwa langu, na hilo usije ukalikana hata mbele za watu. Wewe ulifunika matundu kwa kipande cha kanga yangu, tena nzuri. Mashine ikakosa hewa ikajizima kwaya ikiwa kwenye ubeti wa pili. Mimi ndiye niliyekata chandarua chetu kilichochanika, nikakikunja mara mbili na kukishonea kwenye fremu nyembamba za mbao zinazochomoka kama droo. Kila Jumamosi nilikuwa nachomoa, nafua, naanika, narudisha. Tangu hapo hakuna punje ya pumba iliyogusa feni. Ulizunguka mtaa mzima unasema, "Mke wangu ni injinia." Ulisema wewe, kwa mdomo wako.

Na ile siku ya kuwasha mara ya kwanza, kabla hata ya kanga na chandarua, zilibaki skrubu mezani. Nikakuuliza hizi za wapi. "Za akiba," ukasema, na uso mkavu kabisa. Tukawasha, feni ikazunguka, kioo cha kompyuta giza. Tukazima, tukawasha, giza. Ukaanza kulaumu umeme, ukamlaumu aliyekuuzia bodi, ukanigeukia mimi. Mimi nikazima, nikachomoa RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, nikaipangusa na kuihamishia tundu la pili. Kioo kikawaka. Ulinibeba juu juu mbele ya Ester, naye akapiga makofi bila kujua anapiga ya nini. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile ndani ya nyumba yangu, na inaniudhi kwamba ulikuwemo.

Ila hukuishia hapo. Boksi ukalipiga vanishi, ukaliwekea miguu minne na kishikio cha shaba. Ukalisukuma chini ya meza, na mimi nikalitandikia kitambaa nilichofuma. Kila mgeni alisema, "Aisee, kabati zuri." Mjomba, yule kaka wa marehemu mama anayekaa Katindiuka, kila akija ananikuta nimekodolea macho kioo, anavua kofia na kuiweka juu ya boksi, anauliza kazi inaendaje. Tulikuwa tunakonyezana, mimi na wewe. Ulisema tusimwambie, tumwache na kabati lake.

Kisha ukapata kazi Kidatu. Ulitaka tuhame, nikakataa, kwa sababu kwaya zangu ziko hapa na shule ya mtoto iko hapa. Ukasema kama sikufuati basi. Nikasema basi. Hayo tumeshayagombana vya kutosha, na sikulaumu peke yako, maana mdomo wangu nao naujua.

Ninachokulaumu ni siku ya kikao cha kugawana vitu.

Wazee walikaa sebuleni, wa kwako na wa kwangu. Waligawa kwa haki, nakiri. Pikipiki wewe, kitanda mimi, makochi mimi. Ilipofika kompyuta, mjomba akasimama. Mzee wa watu alikuwa amejipanga kunitetea, nilimwona. Akaweka mkono juu ya kioo, akasema, "Kompyuta hii ndiyo jembe la mwanetu. Anakula nayo, anamsomeshea mtoto. Hii ibaki kwake. Lakini hili kabati amelichonga mwanaume kwa jasho lake, na ni mbao nzuri. Tusimdhulumu. Aondoke na kabati lake."

Baba mkubwa wako akaitikia kwa kichwa. "Ni haki kabisa. Chukua mbao zako, kijana." Wote wakaafiki. Mjomba akanitazama kwa fahari, kama mtu aliyeniokolea shamba.

Nikakutazama. Mimi ningesemaje, nimsahihishe mjomba mbele ya wakwe, aonekane mzee asiyejua hata anachogawa? Wewe ndiye ungeweza. Neno moja tu, kwa upole, hata kwa utani kama ulivyo na utani mwingi siku zote: "Wazee wangu, samahani, kompyuta yenyewe ndiyo hilo kabati." Wangecheka, mjomba angecheka, mambo yangeisha. Ulitazama sakafu, ukasema, "Nimeridhika, wazee wangu." Nikadhani utayasema baadaye, nje, mimi na wewe. Nilipotoka ulikuwa umeshawasha pikipiki.

Tangu siku ile boksi sikuligusa, Baba Ester. Lilikaa hapohapo na nyaya zake, na mimi sikuliwasha mpaka jana. Wazee wamesema ni lako, basi ni lako, mimi siyo mwizi. Wateja wamekuja, wamenuna, wameondoka. Kwaya ya akina mama imepeleka kazi yake kwa kijana wa stendi, akawatengenezea video ambayo sauti inatangulia midomo. Inaniuma kuliko njaa.

Mjomba akapita kunisalimia. "Mpwa wangu, mbona umekaa tu? Kompyuta si tulikuachia?" Nikamwambia kioo kimeharibika. Ndiyo, nilimdanganya mzee mzima, kwa ajili yako. Nilikulinda wewe! Akasikitika, akavaa kofia, akaenda zake.

Jana karudi. Amepanda baiskeli kutoka Katindiuka kwenye jua, ameloa jasho, anatabasamu. Anasema nisihuzunike, amepata mteja wa mpunga wake. Yale magunia aliyoweka kwa ajili ya kipindi cha njaa, anataka kuyauza ili nikipeleke kioo kwa fundi. "Nilikupa mimi hicho kitu," anasema, "siwezi kukuacha nacho kibovu."

Hapo nilishindwa. Ningefanyaje, nimwache mzee auze chakula chake kutengeneza kitu kizima?

Nikamwambia, "Mjomba, kaa hapa." Nikawasha kioo peke yake. Kikawaka, kikaandika kwamba hakipokei kitu, kikazima. Kisha nikainama chini ya meza, nikatoa kitambaa na kubonyeza swichi ya boksi. Feni ikaunguruma. Mara kioo kikajaa rangi, nikafungua video ya kwaya ya kigango chake, akamwona jirani yake anaimba. Nikachomoa waya wa boksi. Giza. Nikachomeka. Mwanga. Nikafungua ubavu, nikamwonyesha ndani: bodi, feni, kadi inayopeleka picha kwenye kioo, vichujio vyangu vya chandarua. Nikamweleza yote, taratibu, kama ulivyonieleza mimi zamani.

Aliitazama kofia yake, aliyokuwa ameiweka mezani safari hii. Nilidhani atanikasirikia mimi kwa kumdanganya. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo yeye alijua?"

Baba Ester, nimekutetea kwa mama yako, nimekutetea kwa dada zangu, hata kwa mtoto nasema baba yuko kazini. Nilitafuta neno la kukutetea kwa mjomba, sikulipata. Nikasema, "Alijua, mjomba."

Mzee akainuka. Akaomba mpira wa kufungia mizigo. Akalibeba boksi mwenyewe, akakataa msaada wangu, akalifunga nyuma ya baiskeli yake na kulifunika kwa koti lake. Nikamkimbilia, nikamwambia, "Mjomba, hilo ni lake, si mlishaamua wenyewe? Na kama si lake, basi niachie mimi nifanye kazi!" Akasema, "Si lako wala si lake mpaka tukae tena. Sisi tuligawa tusichokijua. Aliyekijua alikuwa amekaa pamoja nasi." Akaondoka anasukuma ile baiskeli kwa miguu mpaka Katindiuka, ili lisitikisike.

Basi ndiyo hali. Mimi nimebaki na kioo kinachoniambia hakipokei kitu, na kazi sina. Nina hasira na wewe, na mjomba, na mtiki, na vanishi yako. Masanja asisumbuke kuja. Mjomba amesema hatampa mtu aliyetumwa.

Uende mwenyewe. Sikutishi. Mjomba namfahamu, hatakugombeza, wala hataita watu. Utamwamkia, atakuitikia, atakupa kiti na maji ya kunywa. Boksi litakuwa palepale mbele yako. Hatakuuliza chochote. Atakaa kimya na wewe, hata jua lizame, mpaka useme mwenyewe.

Ubaki salama. Ester anakusalimia.

Ni mimi niliyekutazama siku ile,
Mama Ester