Koki za Upande wa Wanaume

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Afya yangu ni ile ile uliyoiacha, ukiondoa magoti. Nikipanda ngazi yanalia, nikishuka yananuna. Wewe je, kifua kimetulia? Wifi na watoto hawajambo?

Sikupigii simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu utaitikia "ndiyo dada, ndiyo dada", na ukikata umeshasahau. Barua utakaa nayo.

Jumatatu baraza la mji limebandika karatasi kwenye mlango wa Bafu Kuu. Nilimfuata karani ofisini kwake, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alipochoka kuniona. Amenieleza hivi: mkaguzi wa majengo ya kale atakuja tarehe 10 Mei. Akikuta maji ya chemchemi bado yanaingia kwenye mabwawa yote mawili, la wanawake na la wanaume, jengo litaandikwa kuwa zima, na baraza litalazimika kulikarabati. Akikuta hata bwawa moja limekauka, litaandikwa gofu. Gofu hubomolewa, na wameshapanga kuweka maegesho ya magari pale.

Upande wa wanawake usiwe na shaka. Tangu bafu lifungwe, mwaka wa kumi na moja huu, naingia kila asubuhi kufungua koki zangu ili maji yapite na ukoko wa chumvi usizibe mabomba. Mshahara hakuna, asante hakuna. Jirani yangu fundi cherehani ananiita mlinzi wa mvuke.

Lakini upande wa wanaume sijui lolote. Unakumbuka mama alivyotugawa: mimi na yeye kwa wanawake, wewe kwa wanaume, na ole wake atakayechungulia upande wa mwenzake. Watu walikuwa wanaoga, naelewa. Lakini mama hayupo, wewe umeondoka, na nusu ya kazi umeondoka nayo. Napita kwenye kile chumba chembamba cha mabomba, naziona koki zako nne ukutani zimeshika kutu, na rangi alizozipaka mama zimebanduka zote. Sijui ipi ni ipi.

Njoo mwenyewe. Wiki moja tu. Hujakanyaga hapa tangu tulipomzika mama. Kama haiwezekani kabisa, basi niandikie namna ya kuzifungua, hatua kwa hatua, kama unamweleza mtu asiyejua kitu.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imenikuta salama, nami nakuombea usalama huo huo. Kifua kimepungua, kinanikumbuka asubuhi tu. Wifi yako anakusalimu, na binti yangu mkubwa amenipita kimo sasa, anaona fahari kunitazama kwa juu.

Dada, nimesoma habari ya ile karatasi mara tatu na mara zote nimeumia. Usikubali. Lile jengo ndilo lililotulea. Vigae vile vya bluu, ile dari ya duara yenye matundu ya mwanga, nani atajenga tena kitu kama kile? Huku nafanya kazi kwenye hoteli ya ghorofa kumi na nne, mabomba mapya kabisa, na hakuna hata siku moja niliyoyapenda. Usiliache, nakusihi.

Kuja ndiyo shida. Fundi mwenzangu ameacha kazi, niko peke yangu zamu zote, na msimamizi ukimtajia likizo anajifanya kiziwi. Nitajaribu mwisho wa mwaka.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiingia chumba cha mabomba, koki ya kwanza kwenye ukuta wangu ni ya kutolea maji. Ifungue yote, na ikipiga kelele usiogope. Ya pili ni ya maji baridi, ifungue nusu. Ya tatu inapeleka bwawani, ifungue yote. Ya nne ndiyo chemchemi yenyewe. Hiyo ifungue mwisho kabisa, robo tu, tena polepole, kwa sababu inakuja na nguvu na ni moto wa kuchemka. Ukifuata mpangilio huo hakuna kitakachokushinda. Mama alikuwa akisema una mikono mizuri kuliko mimi, ila hakutaka nijue.

Niandikie mara maji yatakapotoka.

Mdogo wako


29 Machi

Dada,

Natumaini ni posta tu iliyochelewa, na kwamba u mzima. Sisi tunaendelea.

Nimehesabu siku, naona barua yangu ilipaswa kukufikia zamani. Maji yametoka? Jana nilimwonyesha binti yangu picha ile ya mama amesimama mlangoni pa Bafu Kuu na ndoo, akaniuliza kwa nini hatujawahi kwenda. Nikamwambia tutakwenda. Simu yako haipatikani. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


8 Aprili

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa jirani yangu fundi cherehani, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo ukiona maneno makali ujue ni yangu na herufi nzuri ni zake. Salamu kwa wote. Safari hii usiniulize habari ya afya, nitakueleza mwenyewe.

Barua yako niliipata tarehe 12 Machi. Siku tatu baadaye niliingia. Barua nimeishika mkono mmoja, spana mkono mwingine. Nilifungua koki ya kwanza, yote, kama ulivyoandika. Ilipiga kelele, kama ulivyoandika. Nikasema vizuri, fundi wangu anakumbuka. Halafu bomba likatetemeka ukutani, kiungo kikapasuka, na maji ya chemchemi yakanirukia kuanzia goti kushuka chini.

Sikumbuki nilivyotoka. Jirani anasema alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nje, nimevua kiatu kimoja, nazungumza na mama. Koki aliifunga yeye, amejifunika shuka lililolowa maji. Bado nimelala hospitali, wiki ya nne sasa. Ngozi ya mguu wa kulia imetoka kama soksi. Daktari anasema nitatembea, ila nisisimame muda mrefu. Simu ilikuwa mfukoni, nayo imekufa.

Vigae vya ukuta wako vimedondoka, vingi tu. Karani wa baraza alikuja kunitazama hospitali, akaniletea pole na akaniambia kwamba sasa hata mimi nimeona lile jengo ni hatari.

Siku zote hizo nimelala najiuliza kama umenidanganya au umesahau. Niambie ukweli, nitauchukua ulivyo.

Dada yako


16 Aprili

Dada yangu,

Sijui nianze vipi. Nisamehe. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha mashine, nikakaa chini kwenye sakafu, na msimamizi akadhani nimeugua.

Sikukudanganya na sikusahau. Nimekaa na karatasi nikachora kile chumba, ndipo nikaona. Kina milango miwili, huu wa ukumbi wa wanaume na ule wa ukumbi wa wanawake, mmoja kila mwisho. Maisha yangu yote sijawahi kuingilia mlango wenu. Nilihesabu kutoka kwangu. Kisha nikakumbuka jambo ambalo mtu mwenye akili angelikumbuka kabla ya kushika kalamu: baraza lilipofunga bafu lilianza kwa kupigilia mbao milango yote ya upande wa wanaume. Wewe huna njia ila kuingilia kwenu. Kwa hiyo ya kwanza yako ndiyo ya nne yangu. Ulifungua chemchemi yote na njia ya kutolea maji imefungwa.

Ni mimi niliyekuunguza, dada.

Acha sasa. Waache wabomoe. Jengo gani litakalolingana na mguu wako? Usiingie tena mle ndani, nakuomba kwa jina la mama.

Na hili nalo nikuambie, maana limenikaa kooni miaka sita. Siku tuliyomzika mama nilifika watu wanatoka makaburini. Uliniangalia tu, hukusema neno, ukaendelea kugawa viti. Ningependa ungenitukana. Tangu hapo kila nikifikiria kukata tiketi mwili unakuwa mzito. Si msimamizi, si zamu. Likizo ninayo, sijaichukua mwaka wa tatu huu. Naona haya kuja, ndiyo ukweli.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa kusema ukweli, na salamu za wifi nimezipokea kwenye zile barua zilizotangulia. Leo naandika mwenyewe. Mguu unakwenda, kwa fimbo.

Habari ya mlango niliigundua kabla barua yako haijafika. Nilikuwa nimelala natazama dari ya wodi, nikajikuta nakukumbuka wewe ukiwa mtoto, unatoka kwenye chumba cha mabomba umelowa, na kila nikikuona unatokea upande ule mwingine. Nikacheka peke yangu mpaka nesi akaja. Mama alitupanga vizuri sana mpaka tukawa watu wawili wasioweza kuelekezana chumba kimoja.

Barua yako ilipofika niliisoma nikakasirika. Miaka kumi na moja, kila barua, "usiliache, dada, nakusihi". Nimeacha kuolewa mara ya pili kwa sababu yule bwana alitaka tuhame. Nimeamka alfajiri na homa, na mafua, na msiba. Leo umeungua roho, basi niache kirahisi hivyo? Hapana. Nilikwenda.

Fundi wa pikipiki alichomelea kiungo kilichopasuka. Jirani yangu alisimama ukumbi wa wanaume kutazama bwawa, tumempitisha dirishani, na yeye ni mnene, tukapoteza nusu saa hapo. Mimi nikaanzia mwisho. Ya nne yangu, yote. Ya tatu yangu, nusu. Ya pili, yote. Halafu ile ya chemchemi nikaishika, mkono ukakataa. Jirani akaita kutoka huko ndani kuuliza kama nimelala. Nikafungua robo. Kwanza kikatoka kitu cheusi, kisha chekundu, kisha maji.

Tarehe 10 mkaguzi akaja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, maneno yake ya kuhesabika. Karani alikuwa nyuma yake anamwonyesha nyufa. Mkaguzi aliingia kwa wanawake, akaandika. Akapandishwa dirishani kuingia kwa wanaume, hakulalamika. Akatia mkono bwawani. Halafu akavua viatu, akaketi ukingoni, akatumbukiza miguu majini na kutulia humo robo saa nzima, karani amesimama hajui aangalie wapi. Alipoinuka akasema, "Ni zima." Ameandika hivyo na muhuri ameupiga. Hawabomoi. Julai wanaanza kuezeka.

Utadhani nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu mpaka kesho yake. Nilipoamka nilikwenda tena kwa mazoea, nikafika mlangoni nikashindwa kuingia. Nikakaa kwenye ngazi, nikalia, nikiwa sijui nalilia nini.

Sasa nimejua. Miaka yote hii nilijiambia kwamba namfanyia mama kazi. Si kweli, mama hakuwa na haja tena na maji. Nilikuwa nakuwekea wewe. Nilidhani jengo likisimama na maji yakipita, utakuwa na jambo la kukurudisha. Limesimama, mdogo wangu. Na kwa barua yako mwenyewe nimeelewa kwamba halikuwa jengo lililokuzuia, na hata lingekuwa la dhahabu lisingekuleta.

Siku ile ya mazishi sikukunyamazia kwa hasira. Mama alikuita siku zake tatu za mwisho, nami kila alipoita nilimjibu kwa sauti yako ili alale. Ulipotokea pale, sauti yangu ilikuwa imeisha. Sikuwa na nyingine.

Baraza linaweka mtunza wake. Wameniuliza kama naitaka kazi, nimekataa. Nimechoka. Usiniandikie tena habari ya koki. Kama huna lingine la kuniandikia, basi kaa tu.

Dada yako


26 Mei

Dada,

Leo sikuulizi hali, nitaiona.

Nimechukua likizo yote niliyonayo. Nafika Alhamisi na basi la asubuhi. Nakuja na binti yangu. Sibebi kifaa chochote, na sitaki unipeleke kutazama jengo. Nakuja kukaa.

Barua yako sijaimaliza kuisoma. Kila nikifika pale pa mama naikunja. Nimejaribu kukujibu nimechana kurasa nyingi, kwa hiyo huenda nikifika nitasimama tu mbele yako sina neno. Ikiwa hivyo, tafadhali dada, anza wewe.

Mdogo wako