Hakuna Msikilizaji wa Kando

Jumatano, 1 Machi 2006

Darasa limechelewa kuanza tena. Tangu baada ya sala ya alasiri nilikuwa mbele ya kompyuta, michezo yao ya kuigiza imechapishwa na kusahihishwa kwa wino mwekundu. Chumba cha sauti cha kwenye mtandao kitupu. Kisha wakaingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia akamsalimu kila aliyemo, akamuulizia mama, baba, bibi na mtoto aliyezaliwa juzi. Nimewaacha. Salamu ni adabu. Lakini kuulizia hali ya paka si adabu. Ni uvivu wa kufungua karatasi.

Badar wa Ghubra alikuwa anakula chipsi za muhogo. Sote tumemsikia akitafuna. Nimemwambia achague, atafune au asome. "Samahani Bi Mwalimu, kaniletea mama." Mwanamume mzima, ana ndevu.

Nimewasomea masharti upya. Kila mtu asome mchezo wa mwenzake kabla ya darasa. Anayesoma hakatizwi. Anayekosoa akosoe mstari, asimkosoe aliyeuandika. Spika za masikioni zivaliwe mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa nyumba zetu hapa Maskati huweka kompyuta sebuleni na sebule zetu hazikosi watu. Hakuna msikilizaji wa kando. Mchezo ambao haujakamilika haujavaa nguo. Hautolewi mbele za watu.

Wote wamesema wamefahamu.

Jumapili, 5 Machi

Zuwena ametuma onyesho la pili. Huyu ni binti wa mtaa wa Mawaleh, mkimya, karani katika ofisi moja ya serikali. Amezaliwa hapa, amesoma kwa Kiarabu, na Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake. Hata hivyo anaandika sentensi zilizosimama wima.

Mchezo wake unamhusu msichana aitwaye Rahma. Posa yake imepokewa bila ya yeye kuulizwa. Mposaji huliita gari lake "habibi" na watu huwaita "wewe". Mama yake Rahma yupo kwenye simu, anacheka na wenziwe, anapanga siku ya harusi, na binti amesimama mlangoni anangoja simu ikatwe ili aseme neno moja. Simu haikatwi.

Nimesoma mara mbili. Nimecheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, Unguja na hapa, wanafunzi wa namna hii hawajazi kiganja. Sitamwambia. Atazembea.

Amebakisha onyesho la mwisho.

Jumatano, 8 Machi

Nina hasira.

Zuwena alikuwa anasoma onyesho la pili. Anasoma vizuri, hapayuki. Alipofika pale mposaji anapolifuta gari kioo huku akiliomba radhi kwa vumbi, tukasikia kicheko. Si cha mtu mmoja. Wanawake, sebule nzima. Kisha sauti ikapasua masikio yetu: "Ai! Si Mundhir huyo? Huyo Mundhir huyo, wallahi!"

Zuwena amekatika katikati ya neno.

Ilitoka kwa Badar. Ana wageni wa kahawa, mama yake na khalati zake, dada wa mama. Walimuuliza anasikiliza nini, naye akachomoa spika za masikioni akawafungulia wote. Kisha akaacha maikrofoni wazi. "Nilidhani watafurahi, Bi Mwalimu. Ni mchezo tu."

Mchezo tu.

Mmoja wa wageni wale ni khalati yake, Bi Salma. Mundhir ni mwanawe. Na Bi Salma huyo huyo, mwezi uliopita, amepeleka posa kwa kina Zuwena. Badar anaapa kwamba hakujua ni Zuwena gani. Namwamini, na kumwamini hakunipunguzii chochote.

Zuwena alisema, "Mimi sikumwandika yeye." Akatoka chumbani.

Nimelifunga darasa bila ya kuaga. Sijapata kufanya hivyo.

Alhamisi, 9 Machi

Simu imelia tangu asubuhi. Maskati yote imeshasikia kwamba kuna mwalimu Khuwair ya Kusini anawafundisha watoto kuwatangaza watu. Bi Salma amesema nimemdhalilisha mwanawe. Nimemuuliza kama mwanawe huliita gari "habibi". Akasema hilo si la mjadala.

Kuna mwanamume gani katika mji huu asiyelipenda gari lake kuliko jamaa zake?

Baada ya adhuhuri akapiga mwanamke mwingine, simjui, anataka kujua kwa nini tumemwandika mkwe wake. Sikuwa na habari za mkwe wake. Sasa ninazo zote.

Jumamosi, 11 Machi

Badar amemtumia Zuwena ujumbe wa simu. Amenitumia na mimi, kana kwamba atapata alama. "Samahani nimekosea." Pembeni kichwa cha mviringo kinachotabasamu.

Nimempigia. Nimemwambia kosa amelifanya kwa sauti mbele ya watu, na samahani anaileta kwa kidole gumba. Mtoto wa watu akivunjiwa heshima, mtu huinuka. Huenda na mkubwa wake, hubeba halwa, hukaa chini, hunywa kahawa ya watu aliowakosea, hata kama inampalia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Waunguja kwa watu wa bara, na kompyuta haikubadilisha.

"Bi Mwalimu, Mawaleh mbali, na njia ina msongamano."

Nimemsimamisha darasa mpaka aende. Mama yake akachukua simu. "Mtoto keshasema samahani, Bi. Ulitaka alie?"

Ndiyo. Kidogo.

Jumatatu, 13 Machi

Zuwena ameandika. Mama yake amemkataza darasa. Ananishukuru. Ananiomba nisiende kwao, nitazidisha.

Nitakwenda.

Jumatano, 15 Machi

Darasa la watu watatu. Wote wamefika mapema, wote wamevaa spika za masikioni, wote wanazungumza kama waliopo hospitali. Wamesoma kazi zilizopooza. Mmoja amefuta mhusika mzima kwa kuwa anafanana na ami yake. Mwingine amewapa wahusika wote majina ya matunda, wasije wakatambulikana. Tumesikiliza Bwana Nanasi akigombana na Bibi Papai.

Hili ndilo lililoharibika. Onyesho moja la Zuwena limekatwa, na mikono ya wote imeingia baridi.

Alhamisi, 16 Machi

Nimekwenda Mawaleh kwa teksi. Mama yake Zuwena, Bi Thureya, amenipokea vizuri mno, na hiyo ni dalili mbaya. Tende, halwa, kahawa. Tumezungumza joto linalokuja na bei ya vitunguu sokoni. Mpaka nilipotikisa kikombe kwamba nimetosheka ndipo akaweka birika chini.

"Bi Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mwanangu nnamjua mie. Kayatoa wapi maneno yale?"

Nimemwambia ameyatunga.

"Hayatungwi yale. Nimehadithiwa. Mama aliomo mle anacheka kama mie. Ati hata simu anaishika kwa bega, kama mie."

Kumbe si Mundhir. Habari ya Mundhir haimshughulishi, na posa yenyewe ipo pale pale inangoja jawabu, na hilo si langu. Kilichomchoma ni yule mama wa kwenye simu. Amesikia kwa mdomo wa Bi Salma, mbele za watu, kwamba binti yake anamwangalia.

Zuwena alikuwa mlangoni na sinia. Macho chini.

Bi Thureya ametoa sharti. Zuwena atarudi darasani na atamaliza mchezo wake, lakini yeye mama atakaa kando yake kila siku ya darasa, asikie kila neno.

Nimekasirika, sikuficha. Nimemwambia mtu haandiki huku ameshikwa bega. Akasema basi asiandike. Nikamtazama yule msichana na sinia lake, nikaona kwamba nikiondoka na ndiyo, onyesho la mwisho litakuwa la Bwana Nanasi. Nikiondoka na hapana, halitakuwepo kabisa.

Ndipo nikasema kwamba darasani kwangu hakuna msikilizaji, kuna mwanafunzi. Akitaka kukaa, akae. Ataandika kama wao, atasoma kama wao, na nitamsahihisha kama wao, kwa wino ule ule.

Nilitaraji afukuze mgeni. Amefikiri kidogo. "Karatasi yoyote, au lazima ya mistari?"

Jumamosi, 18 Machi

Badar amekwenda, na mama yake, na halwa. Ameniambia kwa sauti ya chini. Bi Thureya aliwakalisha mpaka isha, akawamiminia kahawa, akawauliza hali za wazee wao huko bara mmoja mmoja, na jambo lenyewe hakuligusa hata kwa ncha ya ukucha. "Nilitamani anitukane, Bi Mwalimu."

Nimemrudisha. Atasoma wa mwisho mpaka darasa hili liishe.

Jumatatu, 20 Machi

Bi Thureya ananipigia simu kuliko wanafunzi wote. Zoezi ni mazungumzo ya watu wawili, mmoja anaficha jambo. Anauliza kama aliyeficha lazima agunduliwe. Swali zuri, nimekereka kwamba hakuna kijana aliyewahi kuniuliza.

Amepiga tena. "Huyu mtoto anachungulia karatasi yangu."

Nimemwambia aifunike.

Ameaga.

Jumatano, 22 Machi

Zamu ya Bi Thureya imefika. Akasafisha koo. "Mama," akasoma, kwa kuwa ndivyo jina la mhusika lilivyoandikwa. Akasita. Akaanza tena. "Mama." Akasita.

"Bi Mwalimu, huyu anantazama."

"Sikutazami, mama. Natazama kompyuta."

"Unantazama kwa masikio."

Badar alikohoa ili asicheke. Nimemsikia, nimemwachia.

"Atoke kwanza," akasema Bi Thureya. Nimemjibu kwamba Zuwena ni mwanafunzi na ana haki ya kukaa.

"Siwezi kusoma, nae yupo nyuma ya shingo yangu."

Nilikuwa na maneno, juu ya mtu kushikwa bega. Tangu siku ya Mawaleh nimeyalea, yamenona, na mlango huo hapo umefunguliwa. Nikayameza. Tumesikia feni ya sebuleni kwao ikizunguka. Karatasi ikakunjwa.

"Basi," akasema. Hakusoma. Nami sikumlazimisha, ingawa sharti linasema asome.

Nimewapa ruhusa mapema.

Jumatano, 29 Machi

Leo upepo wa bahari, nimefungua dirisha.

Zuwena ameingia peke yake. Amewasalimu wote, wamemuulizia wote. Nilipotaka kujua aliko mama yake, akasema yupo jikoni. "Kafunga mlango mwenyewe."

Akasoma onyesho la mwisho. Simu ya mama yake Rahma inakatika. Binti bado amesimama mlangoni. Mama anamwona, anamuuliza tangu lini yupo pale. Rahma anajibu, "Muda." Kisha anasema lile neno lake, nao wanakaa chini kulizungumza, na hatuambiwi walifikia wapi.

Nimefungua wino mwekundu, nikaanza kusahihisha.

Bi Thureya amepiga baada ya Maghrib. Anaomba zamu yake ya kusoma iwe Jumapili asubuhi, siku ya kazi hapa, Zuwena akiwa ofisini. Asiwepo mtu ila mimi. Nimemwambia nitakuwepo.