Matundu Mawili Begani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanguka kwenye ngazi nikifunga kabati la juu jikoni kwa mteja. Kabati limeshika ukutani. Bega la kushoto limevunjika. Mshika ngazi alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu. Anasema aliiachia kidogo tu apokee simu.

Daktari hatapasua. Atatoboa matundu mawili, sentimita moja moja, apitishe skrubu huku akitazama eksirei kwenye skrini. Nimemuuliza unene. Milimita nne. Nikamwambia mimi ningeweka tano. Ameandika nne.

Jumatano, 6 Machi
Nimeungwa. Nimepima kwa futi kamba — matundu ni matatu. Nesi anasema la tatu ni la waya, nilale. Kazi yangu mimi, ukiahidi mawili unatoboa mawili.

Jumapili, 10 Machi
Wageni wamekuja kunipa pole. Wameona plasta tatu ndogo, wakahamia kwa shemeji. Yeye aliteguka kidole akinikimbilia — bandeji hadi kiwiko.

Shangazi: "Ni hivyo tu? Mimi ningekuwa nishafua."

Bega linawaka moto. Laiti ningepasuliwa hata sentimita kumi za kuonyesha watu.

Jumatatu, 25 Machi
Kliniki. Mazoezi ni kupandisha vidole ukutani kama buibui. Tarehe 15 Aprili lazima niguse mstari mwekundu wa ukuta wao, sentimita 165 kutoka sakafuni. Nikishindwa, daktari atalifungua bega lote. Na bega likiganda, makabati ya juu atafunga nani? Shemeji ameshaanza kupokea simu za karakana yangu, anajibu, "Fundi hapa."

Leo: 141.

Alhamisi, 11 Aprili
161. Ukuta wa chumbani umejaa penseli. Mke wangu anaandaa rangi.

Ijumaa, 12 Aprili
165! Sentimita nne kwa siku moja.

Mke wangu akatazama chini. "Baba, hizo si buti mpya?"

Nimemwambia ninapandisha bega, si miguu. Ukoo wao hawapendi kuona mtu akipanda.

Jumatatu, 15 Aprili
Benchi la kliniki. Aliyenitangulia ametoka peku, viatu mkononi. Anasema humo hawaingii na viatu. Kweli — mara ile nilikuja na ndala, nikazivua bila kufikiri.

Nimepima soli. Sentimita nne kamili.

Shemeji amenisindikiza. Amepiga magoti, ananifungua kamba za buti, taratibu, kwa adabu zote. Hajacheka. Afadhali angecheka.

Mlango umefunguliwa. "Fundi aingie."

Tumesimama wawili.