Alama Ndani ya Rili

Mjukuu wangu Akello,

Kosa la wengi ni kuitia mafuta rili ya kuvulia samaki inayokwaruza kabla ya kuifungua. Mafuta huizima sauti tu. Mchanga hubaki ndani ukila meno ya gia. Huku tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini nakukataza kuanza na mafuta kwenye rili yako. Enzi za utawala wa jeshi nilikuwa fundi wa rili mtaani Mengo. Askari mmoja akaniletea rili.

"Fundi, tia mafuta tu, nawahi kuvua ziwani Ggaba."

Nikaifungua kwa mazoea. Ndani ya kifuniko nikakuta alama yangu ya ufundi, na jina la mwenye rili nililolikwaruza kwa mkono wangu: Opio, jirani yangu. Alikuwa amechukuliwa na askari mwezi uliotangulia.

"Afande, mwenyewe yuko wapi?"

Akacheka. "Huyo havui tena. Funga!"

Nikafunga, nikatia mafuta, nikanyamaza. Mke wa Opio aliendelea kumwekea chakula kila jioni. Nilimwambia baada ya miaka miwili. Hakulia. Aliuliza tu, "Siku zote hizo nikifunika sahani yake, ulijua?"

Babu yako nakuomba: leo ifungue hiyo rili, toa mchanga, ndipo utie mafuta.