Akaunti ya Maman Odette

Jumanne, Gihundwe

Na mimi nilidhani ni kubofya mara moja tu. Jana mkurugenzi wa hospitali aliniagiza, mimi fundi wa kompyuta, nifute akaunti ya Maman Odette, muuguzi wetu tuliyemzika mwezi uliopita. Nikafuta. Asubuhi simu zikaanza kutoka vituo vya afya, Giheke, Mibirizi: ratiba ya chanjo za watoto haifunguki. Kumbe nyaraka zote tunazotumia pamoja alizianzisha yeye kwenye akaunti yake, zikaondoka naye.

Nimehangaika hadi saa kumi. Nikairudisha akaunti, nikaingia kwa jina lake ili nihamishe nyaraka. Sikufikiria kwamba wengine waliofungua nyaraka hizo wangeliona.

Rafiki yake wa Mibirizi, Maman Solange, akanipigia. Sauti ilikuwa chini sana.

"Papa Bosco, jina ya Maman Odette iko naonekana hapa. Ni nani iko naandika?"

"Ni mimi, Maman. Nyaraka zake nazileta kwako."

"Usifute jina yake leo. Acha kwanza nizoee."

Mkurugenzi ameuliza kama nimemaliza. Nimemwambia mtandao ni mbaya.

Nimechoka, hata chakula sikitaki. Akaunti bado iko wazi. Laiti ningejua namna ya kuifunga na bado jina lake libaki kwa Maman Solange.