Mwendo wa Shukri

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje baada ya ile dawa ya kuchua? Na ndovu, wamewaachia mahindi safari hii au ni yale yale? Mimi ni mzima, ila Garissa imekauka. Mizoga ya ng'ombe imelala kando ya barabara, na wafugaji wananiletea redio zao nizinunue, si nizitengeneze. Ningekupigia simu, lakini nina jambo ambalo kwa simu ningelikatiza katikati.

Jirani yangu dukani ni Fatuma, anauza nguo. Alikuja na projekta ya zamani na mkanda mmoja wa filamu.

"Fundi, hii bicha inaruka sana," akasema. "Hooyo macho yake inaisha. Daktari amesema haitapona. Anataka kuona hii kwanza." Hooyo ni mama kwa Kisomali.

Filamu ile aliipiga mjomba wake nyumbani kwao Eldas, aliporudi kutoka Uarabuni na kamera. Ndani yumo Shukri, dada yake Fatuma, aliyefariki kabla Fatuma hajazaliwa. Muda mfupi baada ya kupigwa filamu, familia ilihama na mifugo kuelekea Buna kutafuta malisho. Shukri alitembea na mbuzi. Njiani akaanguka, asiinuke tena. Baba yao alishikilia kwamba mtoto alitoka nyumbani akiwa mgonjwa wa mguu na mama yake akamlazimisha kutembea. Mama yao akaapa kwamba alikuwa mzima. Mzee alikufa hawajapatana.

"Hooyo anataka kujua kitu moja tu," Fatuma akaniambia. "Kama Shukri alikuwa anachechemea."

Tabu ni kwamba katika picha ile kila kitu kilichechemea, Mama. Kisima, mbuzi, mtoto, vyote viliruka ukutani. Nilifungua mashine nikakuta pale filamu inapopita mbele ya taa pameganda uchafu mgumu. Niliukwangua kwa kijiti cha mbao nilichokizungushia pamba na spiriti, maana chuma kingeacha mikwaruzo. Springi ya kuibana filamu ilikuwa imelegea. Nikatafuta nyingine kwenye kinasa sauti kibovu. Kisha nikaziba kwa karatasi laini ya gundi vitobo vya pembeni vilivyoraruka, kimoja kimoja, nikavitoboa upya kwa sindano. Mkanda wenyewe ulikuwa mkavu, unavunjika kama jani. Nikamwambia Fatuma wazi kwamba utapita mara moja, ya pili siahidi.

Alimleta mama yake mchana, amemshika mkono. Huyo Mama Habiba alikuwa amebakiwa na mwanga na vivuli tu. Tukaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha.

Picha ilitulia. Kisima kilisimama imara ukutani, hakikutikisika hata kidogo. Shukri akatokea na mbuzi, akageuka kutazama kamera, akacheka, kisha akaenda zake. Kila alipokanyagia mguu wa kushoto, bega lake lilizama.

Fatuma alikuwa akimsimulia mama yake kwa Kisomali, haraka haraka. Nikaelewa neno moja moja tu, lakini sauti yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Mama Habiba akamnyamazisha kwa mkono. Aliuza maziwa sokoni miaka mingi, Kiswahili anakijua.

"Wewe, fundi. Sema wewe. Mtoto anatembea aje?"

Fatuma alinitazama huku akitikisa kichwa. Mama, nilitaka kusema anatembea vizuri. Neno lilikuwa mdomoni.

"Anachechemea, mama," nikasema. "Mguu wa kushoto."

Mkanda ukakatika hapo hapo, nikazima taa. Mama Habiba hakulia. Alisema, "Basi mzee alisema kweli," akanyoosha mkono ashikwe, wakatoka. Fatuma hakurudi kuchukua mashine, na tukikutana mlangoni ananipita kama anayepita nguzo.

Siku nyingi zikapita. Jana akasimama mbele ya meza yangu, hakuketi. "Hooyo anakuita. Hali chakula vizuri. Hasemi na sisi."

Nilimkuta amelala ameelekea ukutani, amekonda. Nikamsalimia, akaijua sauti yangu.

"Fatuma anasema mtoto alicheka," akasema. "Huyo ananidanganya nisife. Wewe hukunidanganya. Alicheka?"

"Alicheka, mama. Aligeuka akacheka."

"Akiwa na mguu ule?"

"Akiwa na mguu ule."

Alivuta shuka akajifunika uso, mabega yakaanza kutetemeka. Fatuma akaenda akakaa kitandani, akamshika. Hakuna aliyeniambia niondoke, wala aliyeniambia nikae. Nikavaa viatu vyangu mlangoni nikaondoka.

Mama, ungekuwa wewe, ungetaka uambiwe? Nijibu kwa maneno yako mwenyewe, usinionee huruma.

Nisalimie Baba Mdogo Mwakio, mwambie nimepata ile betri yake. Msalimie dada yangu mkubwa Wakesho na mumewe, na Bibi mzaa baba, umsogelee sikioni ndipo asikie. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mwanao wa huku kwenye vumbi,
Mghanga