Anamsemesha Farasi, Mimi Ananinyamazia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijagombana na farasi wa watu, na tafadhali usicheke, maana binti yangu nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka simu ikamdondoka, na mimi sikuwa natania hata kidogo.

Mume wangu alikuwa dalali wa mnada, yule wa kusimama juu ya meza na kuuza makabati, majokofu na magodoro ya watu wanaohama, sauti yake ukiwa mtaa wa pili unaisikia, na mimi niko mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi yangu ni kupokea simu na kuwatuliza watu walioshika mashavu, kwa hiyo wewe mwenyewe piga picha nyumba yetu ilivyokuwa, watu wawili wa mdomo ndani ya vyumba viwili na sebule, na yeye tangu tulipooana ananiita Redio, akifika tu mlangoni, hata viatu hajavua, "Redio, leo kuna habari gani?" na mimi hapo hapo naanza, na yeye anacheka.

Mwaka jana akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia na mguu vikalegea, maneno nayo yakakwama, anaelewa kila kitu, panapochekesha anacheka, lakini akitaka kusema mdomo unahangaika weee, kisha anatikisa kichwa anaacha, na mimi, mshauri, nyumba ikinyamaza naogopa, naona kama ameshaniacha, basi naongea, naongea zamu yangu na zamu yake, mgeni akimjulia hali namjibia, binti yetu akipiga simu kuuliza baba anasemaje namwambia baba anasema hajambo, anasema uvae sweta huko kuna baridi, chai namtilia sukari vijiko viwili na kuikoroga kabla hajafungua mdomo, na hata siku ile mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alipomuuliza, "Mke wako anaitwa nani?" nilijikuta nimeshataja jina langu mwenyewe, na yule mtaalamu akaniangalia hivi, akaandika kitu.

Sasa huyo huyo mtaalamu ndiye aliyetuelekeza kwenye uwanja wa farasi, kuna watu pale wanawapandisha farasi wagonjwa na watu wenye ulemavu ili mgongo ukae imara na mwili ujue mizani, na wote wanaosaidia ni wa kujitolea, nikasema mimi sitakaa kwenye benchi kama mgeni wa harusi, nipeni kazi, wakanipa, nimezoa mavi ya farasi kwa sepetu, nimechana mikia, nimefuta vumbi kwenye zile kofia ngumu, na Jumamosi natembea pembeni ya mpandaji mmoja nikimshikilia goti asije akateleza, ila siyo mume wangu, kwa sababu pale wana sheria kwamba ndugu hatembei na ndugu yake, mimi wamenipa dada mmoja asiyeona, fundi wa kufuma masweta, mcheshi kweli, ingawa siku moja aliniambia, "Dada yangu, nakupenda, lakini hebu nipe nafasi nimsikie farasi anavyokanyaga," nikacheka, sikuona ubaya.

Farasi wa mume wangu ni jike jeupe, zee, mdomo wa chini umening'inia, wanamwita Bi Harusi, na sheria nyingine ya pale ni kwamba farasi haondoki mpaka mpandaji mwenyewe aseme "Twende", asiyeweza kusema anampigapiga shingoni, mume wangu alikuwa anapiga shingoni kwa mkono wa kushoto na wanaondoka vizuri tu, mpaka mwalimu wa farasi, mama mmoja mfupi mwenye mabuti hadi magotini, akasema leo tusubiri mdomo, basi watu wote kimya, farasi kimya, mume wangu mdomo unahangaika, jasho linamtoka chini ya kofia, moyo wangu ukaniuma, mshauri, ukaniuma kabisa, nikapiga kelele toka upande wa pili wa uwanja, "TWENDE!" na Bi Harusi akaondoka!

Mwalimu akanifuata na mabuti yake, akaniambia kwa upole lakini macho makavu, "Mama, lile lilikuwa neno lake." Nikasema samahani. Jumamosi iliyofuata akanituma stoo nikachukue ndoo, ndoo gani sijui mpaka leo, na nilipokuwa humo ndani nikasikia makofi, nikatoka mbio na ndoo yangu, watu wanarukaruka, dada fundi wa masweta analia machozi, kumbe mume wangu amesema, amesema "Twende" kwa mdomo wake, neno la kwanza baada ya mwaka mzima, na mimi mke wake niko stoo!

Na hakuishia hapo, siku hizi anamwambia "Simama", anamwambia "Pole pole", na juzi alipokuwa anashuka kwenye jukwaa la mbao la kupandia farasi alimshika yule farasi shavu akamwambia "Mzuri", mshauri, MZURI, na mdomo ule ulivyoning'inia, halafu tunarudi nyumbani kimya, mimi ninayemuogesha, ninayemvisha soksi, ninayemkatia kucha, sipati hata "mh", na wala siombi hotuba, naomba aniite Redio mara moja tu, basi, nijue bado nipo kichwani mwake.

Jumamosi ijayo ni siku ya maonyesho, familia zote zinakuja, yeye atazunguka uwanja akimwamuru farasi mwenyewe, na mwalimu ameniomba eti siku hiyo nisaidie kwenye hema la chai, huko mwisho, nyuma ya mabanda, yaani nimefukuzwa kwa heshima zote. Nimeshaamua nusu nusu kwamba simpeleki tena, nitasema mguu unamuuma, atajuaje mtu, si mimi ndiye ninayemsemea, lakini nusu nyingine inakataa, usiku nageuka geuka tu. Je, nimtoe pale, au nikubali kushindwa na mnyama wa miguu minne?

Ni mimi,
Mke Aliyezidiwa na Farasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama, pole. Uliniomba nisicheke na nimeshindwa, nisamehe. Nimecheka mpaka kwenye ndoo. Kisha niliporudi pale unaposema nyumba ikinyamaza unaona kama ameshakuacha, nikaacha kucheka, nikavua miwani, nikaanza barua upya.

Nakuambia la kwanza kabla hasira haijapanda: mume wako hajakusahau, na farasi hajakuibia mtu. Wewe ni mke mwema. Anayeogeshwa, anayevishwa soksi na kukatwa kucha na mtu anayempenda, huyo ana bahati, na anajua. Sasa kaa chini, maana la pili halina sukari.

Barua yako nimeisoma nikihema, maana nukta nyingi umezisahau nyumbani. Nikarudi nikatafuta mahali pamoja tu ambapo ulimuuliza mzee swali ukasubiri jibu. Sikupaona! Mgeni anauliza, unajibu wewe. Binti anauliza, unajibu wewe, tena unaongezea na sweta ambalo mzee hakulitaja. Anaulizwa jina la mke wake, mke analitaja mwenyewe! Mama wewe! Kama angelisema siku ile, si ndiyo zawadi unayoililia leo?

Halafu unaniuliza farasi ana nini ambacho wewe huna. Nikuambie. Farasi anasubiri. Basi, hana kingine. Hasemi "najua unachotaka". Anasimama pale na mdomo wake ulioning'inia mpaka mtu amalize kuhangaika. Mume wako alisimama juu ya meza miaka yote akauza mpaka vitanda vilivyovunjika miguu, alijua watu watanyamaza wamsikilize. Huyo farasi amemrudishia meza yake. Wewe unampa kila kitu, ila hiyo hujampa.

Usiniambie ulimwonea huruma. Najua ulimwonea huruma, jasho lilikuwa linamtoka na moyo ukakuuma. Lakini wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hiki unachofanya usiku kitandani ni nini kama siyo hicho? Kuhangaika kwake siyo kuumia, mama. Kuhangaika ndiyo kazi yenyewe. Ukimmalizia neno, umemnyang'anya kazi na umemwambia, bila kutaka, kwamba humtegemei tena. Dada fundi wa masweta haoni, lakini hilo aliliona kabla yako, akakuambia kwa adabu, na wewe ukacheka.

Na yule mwalimu wa mabuti hakukufukuza. Amekuweka mahali ambapo mdomo wako hautafika uwanjani. Ningekuwa yeye ningekuweka mbali zaidi.

Sasa nisikilize, na hapa sibembelezi.

Mzee hatolewi pale. Ukisema mguu unamuuma utakuwa umemsemea uongo mbele yake, akikusikia, hana namna ya kukukatalia. Hiyo ni dhuluma, na wewe si mtu wa dhuluma. Jumamosi mpeleke mapema, mfunge kamba za kofia vizuri, kisha ingia kwenye hema la chai na usitoke. Mimina chai. Waongeleshe wageni mpaka masikio yawaume, hiyo ni ruksa, Mungu hakukupa kipaji hicho bure.

Kesho asubuhi weka kikombe mbele yake bila sukari. Muulize swali moja: "Vijiko vingapi?" Najua unajua ni viwili. Nyamaza hivyo hivyo. Kalia mikono yako kama inakuwasha, tafuna kitambaa cha meza, fanya unavyojua, lakini usiseme. Akionyesha kwa vidole, ni jibu, tia sukari na umshukuru. Mdomo ukihangaika, usimwangalie kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Chai ikipoa, mnywe ya baridi wote wawili, hakuna aliyekufa kwa chai ya baridi.

Binti akipiga simu, mwekee baba yake simu sikioni uende jikoni. Wakisikilizana wanavyopumua tu, waache, ni mazungumzo yao. Mgeni akimjulia hali, jifanye umepaliwa.

Halafu mwambie ulichoniambia mimi: kwamba kimya kinakutisha, na kwamba umemkumbuka akikuita Redio. Sentensi mbili. Usiongeze ya tatu! Mwanamume huyu hajui kwamba unaogopa, kwa sababu kila anapokusikia unaongea anadhani Redio iko salama, betri zimejaa.

Kuna kimya cha mtu aliyeondoka, na kuna kimya cha mtu anayetafuta neno lake. Huwezi kuvitofautisha wakati wewe unaongea. Nenda kanyamaze, mama, kisha uniandikie. Barua fupi.

JIBU LILILOTUFIKIA

Mshauri,

Chai ya kwanza ilipoa. Tukanywa ya baridi. Ya pili ikapoa. Ya tatu akainua vidole viwili, na nusu ya ulimi wangu nilikuwa nimeshautafuna.

Zile sentensi mbili nilimwambia Ijumaa. Ya tatu nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

Jumamosi nilikaa hemani na birika. Sikuchungulia. Wala haikuhitajika. "Twende!" ilifika mpaka nyuma ya mabanda, sauti ya mnada kabisa, vikombe vikatikisika. Dada fundi wa masweta ananiambia Bi Harusi alitembea kifua mbele. Nikamuuliza amejuaje. Akasema alimsikia anavyokanyaga.

Leo Jumapili nimeweka kikombe. "Vijiko vingapi?" Nikakalia mikono. Saa ya ukutani inagonga, maji jikoni yanadondoka, mimi kimya. Mume wangu akaniangalia muda mrefu, akaangalia kikombe, akaniangalia tena kama mtu mwenye wasiwasi. Mdomo ukahangaika. Nikangoja. Ukahangaika tena.

"Redio," akasema. "Imezima?"

Nililia mpaka chai ikaingia chumvi. Lakini nilimjibu neno moja tu, mshauri, naapa.

"Haijazima."